Kila Kona na Elbo Yake: Nasaha kwa Mafundi Bomba Vijana wa Arusha

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mlioshika spana ya bomba karibuni: mliotoka Chuo cha Ufundi Arusha, mliotoka VETA, na mliojifunza kwa kubeba mkoba wa fundi pale Unga Limited bila cheti chochote mkononi. Nataka tuzungumze kuhusu elbo ya chuma. Kila mmoja wenu amekwisha kuifunga, lakini ni wachache waliowahi kukaa chini wakaifikiria.

Ninawaita tulizungumze jambo hili kwa sababu naziona nyumba zinazoinuka Njiro, Moshono na Sakina, na hoteli zinazojengwa njia ya Usa River. Nikiitwa kutazama ukuta uliolowa au bomba lililochomoka ardhini, nayafuata maji mpaka yanakotoka, na mara nyingi nafika kwenye kona. Bomba lililonyooka hubeba maji tu. Kwenye kona maji hubadili njia, husukuma, hukwaruza na kupoteza nguvu. Hapo hapo ndipo fundi amekata uzi na kulipunguza bomba unene, au amelichomelea. Mzigo wote umekutana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo tunapochagua kifaa kwa haraka kuliko pengine popote. Neno langu kwenu basi ni hili: kila kona ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo ichague elbo. Isichaguliwe na kilichobaki kwenye ndoo ya vifaa, wala na bei ya duka la karibu.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kiko mita 4,562. Maji yetu mengi hushuka, na kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya takriban bar 1. Nyumba mbili zinazotumia bomba moja, moja juu kuelekea Ilboru na nyingine bondeni, hazipati presha moja. Elbo inayotosha kwa ya juu inaweza kupasuka kwa ya chini.

Tena maji yetu hutoka mbali. Mlima huu wa volkano umetupa udongo mzuri wa kahawa na migomba, lakini miamba yake hutia floridi majini. Mnayajua meno ya kahawia ya wazee na watoto wa Ngare Nanyuki na Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja, na vyanzo vingi vya huku hupita hapo. Ndiyo maana Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto cha kutafuta njia za kuiondoa. Maji yenye floridi kidogo yanapopatikana, inabidi kuyavuta kwa mabomba marefu, yakivuka makorongo na kupanda vilima. Mradi mkubwa wa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Jijini Arusha, uliogharimu karibu shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipangwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Maji yakiongezeka namna hiyo, bomba la nyumbani lililozoea mgao wa siku chache kwa wiki huanza kubeba presha mchana na usiku. Kona iliyofungwa kwa ubabaishaji iliweza kujificha wakati wa mgao. Sasa haiwezi.

Najua chalii mmoja ataniambia: "Mzee, siku hizi ni plastiki tu." Ni kweli, ndani ya nyumba nyingi plastiki imeshinda, nami sina ugomvi nayo. Lakini tazama mahali chuma kilipobaki: kwenye mdomo wa pampu ya kisima, kwenye bomba linalovuka korongo bila kufukiwa, kwenye vituo vya kuchotea maji ambako watoto huning'inia, kwenye mabomba ya zimamoto ya hoteli, na kwenye mvuke wa boila. Chuma kimebaki kwenye kazi nzito, ambako kosa dogo huumiza watu. Kwa hiyo ujuzi wa elbo ya chuma haujapitwa na wakati. Umebaki mahali unapohitajika zaidi.

Tuanze na elbo ya uzi, hii ya GI mnayoijua. Iliyo nzuri husubiwa kwa chuma, kisha hupikwa tena kwa muda mrefu ili kisiwe chuma kinachokatika kama kigae, halafu huchovywa kwenye zinki. Iko ya digrii 90 na iko ya digrii 45. Iko yenye kike pande zote mbili, na iko ya kiume na kike, ambayo wengi huipenda kwa kuwa inaokoa nipo moja. Iko pia ya kupunguza, inayopokea robo tatu upande mmoja na nusu upande mwingine, na hiyo hutumika vizuri mwisho wa njia, kwenye bomba la kuogea au sinki.

Kabla ya kuifunga, ujue uzi wake. Mabomba yetu hufuata uzi wa Kiingereza wa BSP, ambao pembe ya jino lake ni digrii 55. Mashine zilizotoka Marekani huja na uzi wa NPT, wenye pembe ya digrii 60. Kwenye nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo utaingiza, itaingia, na utadhani umefunga. Itavuja. Kwenye inchi moja, BSP ina meno 11 na NPT ina 11 na nusu. Hapo itakwama baada ya mizunguko michache, na ukitumia nguvu utaharibu vyote viwili. Ukiitwa kwenye hoteli iliyoleta mashine ya kufulia au boila kutoka ng'ambo, pima uzi kabla ya kugusa spana.

Uzi wa bomba hukatwa ukiwa mwembamba kuelekea mwisho, kwa kiasi cha 1 kwa 16, ili ubane kadiri unavyoingia. Kwa hiyo ingiza kwa mkono mpaka igome, kisha kaza kwa spana mzunguko mmoja na nusu au miwili. Tepu izungushwe kufuata mwelekeo wa kukaza, isirundikane mdomoni. Wazee wetu walitumia katani na rangi, na ukiipanga vizuri bado inafanya kazi. Sasa sikilizeni hili, maana ndilo nililolikuta chini ya plasta nyingi: elbo ikipita pale ulipotaka itazame, usiirudishe nyuma. Ukiirudisha hata kidogo, umelegeza kile kilichokuwa kimebana. Fungua, safisha, weka tepu mpya, anza upya. Dakika kumi hizo ni nafuu kuliko kuvunja vigae vya mtu mwaka kesho.

Na pale ambapo siku moja mtu atahitaji kufungua, weka yunion karibu na kona. Fundi atakayekuja baada yako asilazimike kukata bomba zima kwa sababu ulibana pesa ya kifaa kimoja.

Sasa tufanye hesabu, maana kona hugharimu presha. Elbo ya kawaida ya uzi ya digrii 90 hupunguza nguvu ya maji sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake. Kwa bomba la inchi moja hiyo ni kama sentimita 75. Ile ya kiume na kike hufika mara 50, yaani mita 1 na robo. Ya digrii 45 ni mara 16, kama sentimita 40. Mteja wako ana tangi lililoinuliwa mita 3 tu juu ya bomba la kuogea. Presha yake yote ni sehemu tatu za kumi za bar moja. Ukimpitishia kona kumi za kiume na kike za inchi moja, umemwongezea mita 12 na nusu za bomba ambazo hakuzihitaji, kisha atakuja kukuambia maji hayana nguvu, na utamshauri anunue pampu. Chora njia kwanza. Kona unayoweza kuikwepa kwa kuhamisha bomba kidogo, ikwepe. Kona usiyoweza kuikwepa, ipe elbo iliyo pana kadiri nafasi inavyoruhusu.

Upana huo unaonekana vizuri zaidi kwenye elbo za kuchomelea, zinazotumika zaidi kuanzia inchi 2 kwenda juu. Ziko za mzingo mrefu na za mzingo mfupi. Kwenye mrefu, mzingo wa kona ni mara moja na nusu ya ukubwa wa bomba: elbo ya inchi 4 ina milimita 152 kutoka katikati hadi mdomoni. Kwenye mfupi, mzingo unalingana na ukubwa wa bomba, yaani milimita 102. Ya mzingo mrefu hupoteza nguvu sawa na mara 14 tu ya kipenyo, na mfupi mara 20. Kwa hiyo mzingo mrefu ndio uwe chaguo lako la kwanza. Mfupi uutumie pale tu chumba cha pampu kinapokubana.

Elbo ya kiwandani huja na mdomo uliochongwa mshazari wa digrii kama 37 na nusu. Chonga na bomba lako vivyo hivyo, acha nafasi ya milimita 2 au 3, kisha chomelea kuanzia ndani kabisa. Usiubandike mdomo kwa mdomo halafu ukapita juu tu. Mshono wa namna hiyo hupendeza machoni, lakini chini yake kuna ufa unaosubiri presha.

Nimeona karakana zinazokata bomba lililonyooka kwa mshazari, kugeuza kipande na kukichomelea, kisha kukiita elbo. Kwa bomba la kupitishia moshi au hewa, hakuna neno. Kwa maji yenye presha, kona kali ya mkato mmoja hupoteza nguvu mara 60 ya kipenyo, na mshono wake hubeba mzigo mzito pembeni. Ikikulazimu, kwa sababu bomba ni kubwa na elbo yake haipatikani mjini, igawe kona hiyo katika mikato mitatu, kila uso ukiwa umekatwa digrii 15, na utumie bomba nene.

Na nyinyi mnaochomelea GI, sikilizeni kwa makini. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 420, na moto wa kuchomelea huzidi hapo mbali sana. Ule moshi mweupe ni zinki. Ukiuvuta, jioni utatetemeka kama mtu wa malaria, koo likauke na kifua kikaze. Vijana wengi wamemeza dawa za malaria kwa homa ya moshi. Kwangua zinki sentimita kadhaa kila upande, chomelea penye hewa, vaa kinga ya pua, na ukimaliza paka rangi ya zinki mahali ulipokwangua, la sivyo kutu itaanzia hapo. Watoto wako wanahitaji mapafu yako kuliko mteja anavyohitaji kazi iishe leo.

Mvuke una elbo zake. Viwanda vya huku, nguo zinazofuliwa hotelini, maziwa yanayochemshwa, vyote hutegemea boila, na kwenye boila haingii elbo ya GI ya kusubu. Hapo hutumika elbo ya chuma kilichofuliwa kwa nyundo, nzito mkononi, iliyopigwa muhuri wa daraja kama 3000 au 6000. Nyingine ni za uzi, na nyingine huingiza bomba ndani kisha kuchomelewa nje. Hizi za kuchomeka zina siri yake: ukishaingiza bomba hadi mwisho, livute nyuma milimita 1 na nusu kabla ya kuchomelea. Chuma kikipata moto hutanuka, na bila nafasi hiyo hupasua mshono kutoka ndani.

Kutanuka huko si jambo dogo. Bomba la chuma la mita 100 likipashwa joto kwa nyuzi 100 zaidi hurefuka karibu sentimita 12. Ukifika Olkaria kule Kenya, kwenye umeme wa jotoardhi, utaona mabomba makubwa ya mvuke yakipinda kushoto na kulia bila sababu inayoonekana kwa mgeni. Kona zile ndizo zinazopokea urefu unaozidi. Kwa hiyo wakati mwingine kona unayoiongeza ndiyo inayookoa kazi. Fundi anayekwepa kila kona bila kufikiri amekosa sawa na anayeziweka ovyo.

Hata maji ya moto ya nyumbani yana sharti lake. Zinki hulinda chuma vizuri kwenye maji ya baridi, lakini maji yakizidi nyuzijoto 60 ulinzi huo hudhoofika na kutu huchimba mashimo. Mteja mwenye boila la kuni au mtambo wa jua wenye moto mkali mwambie ukweli huo kabla hajanunua.

Maziwa na bia vinataka chuma kisichoshika kutu, chenye kona pana iliyosuguliwa ndani mpaka ing'ae, bila uzi. Mabaki ya maziwa yakikaa kwenye meno ya uzi huoza, na kiwanda kizima hupata harufu. Hapo kazi ya kona ni kusafishika.

Wale watakaokwenda mbali zaidi, kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, watakutana na kanuni nyingine. Kwenye mabomba ya namna hiyo hupitishwa chombo cha kusafisha na kukagua kinachosukumwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo kona huwa pana, mzingo wake ukiwa mara kadhaa ya kipenyo, ili chombo kisikwame. Kazi ni nyingine, kwa hiyo kona nayo ni nyingine.

Sasa nirudi kwenye miteremko yetu. Chukua bomba la inchi 4 lenye presha ya bar 6, ambayo maji yaliyoshuka mita 60 huifikia yenyewe. Kwenye elbo ya digrii 90, maji hayo huisukuma kona kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 700. Mabomba yaliyochomelewa hushikana, lakini pale elbo ya chuma inapopokelewa na bomba la plastiki la kuchomeka lenye mpira, hakuna kinachoishika isipokuwa udongo. Na udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano, ambao masika ukilowa hulegea. Mwaga zege nyuma ya kona, liegemee udongo ambao haujachimbwa. Zege lisifunike maungio, ili siku ya kuvuja yaonekane. Bomba linalosimama kwenye jengo la ghorofa nalo lipe mguu chini: ziko elbo zenye kitako, na kama hazipatikani, jenga nguzo, maana uzito wa bomba zima na maji yake hukaa juu ya kona ile ya chini.

Dukani, tumia macho na mikono yako. Elbo nyepesi kuliko wenzake ni nyembamba. Itazame ndani kwenye mwanga, utafute vitundu vya mchanga. Ingiza nipo kwa mkono. Ikiyumba au ikikwama mapema, irudishe. Ulizia bidhaa iliyothibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania, na usione haya kumwambia mwenye duka kuwa unapima. Usimwambie mwenye nyumba umenunua nzuri ukaweka hafifu. Yeye hataiona, lakini wewe unaijua, na mlango wa nyumba ile hutaupita tena kwa raha.

Kisha jaribu kazi yako kabla ya plasta. Jaza maji, toa hewa yote, panda hadi presha ya mara moja na nusu ya ile ya kawaida, uiache na utazame kila kona. Tumia maji, usitumie kompresa ya hewa, kwa sababu hewa iliyobanwa ikipasua elbo huirusha kama risasi. Ukiona tone moja tu, fungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kabla ya kufunika, piga picha kwa simu, onyesha kila elbo iliyofichwa na umbali wake kutoka kwenye pembe ya chumba, mpe mwenye nyumba nakala.

Wanangu, watu wa mlima huu walichimba mifereji ya kuteremsha maji shambani kabla ya bomba lolote kufika, na mifereji hiyo ilikuwa na watu wa kuiangalia. Nyinyi ndio mliorithi kazi hiyo. Mungu awape mikono imara na moyo wa kweli. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda dukani, chukueni karatasi, choreni njia yote ya bomba, wekeni alama kila kona, na mbele ya kila kona mwandike kazi yake: presha yake, joto lake, kinachopita ndani, na kitakachoishikilia. Mkimaliza hapo, jina la elbo ya kununua litakuwa limejiandika lenyewe.